Jina Linalofika Baada ya Mazishi

Mwalimu mmoja wa Adu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo: mtoto akishazikwa, kuna faida gani kulijua jina la bakteria aliyemuua? Huko kwao, bara ya Malindi, homa yoyote hudhaniwa malaria kwanza, na hospitali ya Kilifi iko mbali.

Swali lake ni zito kuliko alivyodhani. Watafiti wa KEMRI walipoichunguza damu ya watoto waliolazwa Kilifi kati ya Agosti 1998 na Julai 2002, waligundua kuwa katika kila vifo 100, visivyopungua 26 vilikuwa vya watoto wenye bakteria damuni. Thuluthi mbili na zaidi ya watoto hao walifariki katika siku mbili za mwanzo. Damu nayo, ili ioteshwe maabarani hata mdudu atambulike, huhitaji siku moja, mbili au zaidi. Basi mara nyingi jina hufika matanga yameshaanza.

Hata hivyo, ni kwa kuhesabu majina hayo Kilifi ndipo ilipodhihirika kwamba chanjo ya Haemophilus influenzae aina ya b, iliyoanza kutolewa nchini Novemba 2001, iliuporomosha ugonjwa huo. Mtoto anayechanjwa leo katika zahanati hunufaika na damu ya wenzake asiowajua.

Na majina yenyewe hayajakamilika. Kwa miaka mingi maabara ziliandika Klebsiella pneumoniae, kama mwalimu anayewaandika ndugu watatu kwa jina moja daftarini. Mwaka 2004 wataalamu walimtenga Klebsiella variicola. Mwaka 2014, Klebsiella quasipneumoniae. Jenomu za sampuli zilizohifadhiwa Kilifi tangu 2001 hadi 2011 ziliposomwa, ilibainika hazikuwa zote za spishi moja. Wadudu hawa hupenda wanyonge: vichanga, wenye utapiamlo, waliolazwa muda mrefu. Ampisilini, dawa ya kwanza kwa vichanga wengi, kwa asili haiwawezi.

Nionavyo mimi, kosa ni kuuona uchunguzi huu kuwa anasa ya watafiti. Serikali ya kaunti ikiweza kutengeneza barabara, iweze pia kugharimia chupa za kuoteshea damu na gari la kuzifikisha maabarani kabla hazijaharibika kwa joto. Nitakaporudi Adu nitamwambia mwalimu yule kwamba jina lile halikuwa la mtoto aliyezikwa. Ni la mdogo wake.