Nyambizi ya paipu na mbegu za mchicha

Msomaji, kama una kijana wa sekondari nyumbani, usishangae siku moja ukikuta kipande cha paipu ya maji kimetoweka na ndara zako zimekatwa visigino. Mimi yamenifika hapa Liwatoni, likizo iliyopita. Mtoto wa dada yangu alikuja na habari kwamba shuleni kwao kuna maonyesho ya historia, naye atatengeneza dayorama, yaani mandhari madogo juu ya ubao, yenye bahari na chombo, kila kitu kwa kipimo chake. "Nataka kuunda nyambizi, Mjomba," akaniambia. Si jahazi wala si meli. Nyambizi!

Nikamwuliza nyambizi gani. Hakuwa na jibu. Basi tukakaa mahali penye upepo, bandari ya Kilindini iko mbele yetu, nikamsimulia habari ya I-27.

Hiyo ilikuwa nyambizi ya Wajapani. Mnamo Mei 1942 ilibeba nyambizi ndogo ya watu wawili kwenda kushambulia bandari ya Sydney. Lakini habari inayotuhusu sisi ni ya 1944. Tarehe 5 Februari mwaka huo, meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, ikiwa katika msafara wa meli tano uliosindikizwa na manowari za Uingereza. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500, wakiwamo maofisa na askari 996 wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wa kike. Tarehe 12, siku ya Jumamosi mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kabla ya dakika mbili kutimia. Waliokufa walikuwa 1,297.

"Basi ni hiyo hiyo," kijana akasema. Macho yalimng'aa, na nakiri kwamba yaling'aa kwa ajili ya nyambizi, si kwa ajili ya meli.

Tukaanza na hesabu. I-27 ilikuwa na urefu wa mita 108.7 na upana wa mita 9.3. Ukichukua kipimo cha 1 kwa 350, unapata sentimita 31 kwa milimita 26 na ushei, na paipu ya plastiki ya milimita 25 inakaribia kabisa. Yeye alitaka 1 kwa 72. Nikamwonyesha kuwa hiyo ingepita mita moja na nusu, na sijui angepanda nayo matatu gani.

Pua na mkia tulichonga kwa mbao laini tukazisugua kwa msasa. Mnara ulitoka kwenye ndara zangu, na periskopu ni sindano iliyokatwa. Ndani ya paipu tulitia chubwi mbili za wavuvi ili isiyumbe wakati wa kugundisha. Mzinga wake, ambao ni kijiti cha meno cha kama sentimita moja na nusu, unakaa nyuma ya mnara. Fundi wangu aliuweka mbele, tukaung'oa, kwa sababu aina hii mbele ya mnara ilikuwa na banda la ndege ndogo. Kamba za pembeni ni mshipi mwembamba wa kuvulia. Rangi usipake nyeusi tupu. Kwenye kitu kidogo nyeusi hufuta kila alama, kwa hiyo ichanganye na nyeupe kidogo. Kutu ni unga wa chaki nyekundu, upakwe kwa ncha ya kidole.

Bahari ni karatasi za chooni zilizolowanishwa kwa gundi nyeupe ya maseremala, zikakunjwakunjwa kwa brashi hadi zikatoa mawimbi. Kijana aliipaka kijani, maji ya Kilindini anayoyaona kila siku. Ilibidi airudie kwa buluu nzito ya bahari kuu, na akanuna.

Kisha tukabishana saa ya tukio. Wakati wa kushambulia, nyambizi ilikuwa chini ya maji. Ukisema kweli tupu utaonyesha sindano moja tu, na kazi ya wiki mbili yote imezama! Tukachagua saa ya baadaye, mabomu ya manowari yalipoilazimisha ipande juu. Paladin iliigonga ikapasuka ubavu yenyewe, na Petard ndiyo iliyoimaliza, kwa topido yake ya saba.

Jioni moja akapita mzee jirani yetu, mvuvi mstaafu. Akaitazama kwa muda mrefu bila kuigusa, akausifu mzinga. Halafu akauliza, "Na watu wa wapi?"

"Watu gani, Babu?"

"Wa meli."

Hapo ikanibidi niseme niliyokuwa nimeyaruka. Petard iliangusha mabomu yake watu wakiwa bado wanaelea, kwa kuwa nyambizi ilidhaniwa imejificha chini yao. Baadhi yao waliuawa na mabomu hayo. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6. Askari wa kikosi kile wasio na kaburi wanakumbukwa Nairobi, katika makaburi ya vita ya Ngong Road.

Kijana hakusema neno. Kesho yake nikamkuta na rula. Mtu wa mita 1.7 anakuwa hata milimita tano hazifiki, na majini huonekana kichwa tu, chini ya milimita moja. Mchele ni mkubwa, mtama vilevile. Akaenda jikoni kwa nyanya yake akarudi na mbegu za mchicha.

Alitaka 214, wote waliookoka. Nilimwambia thelathini zinatosha, waamuzi hawatahesabu. Hakunisikiliza. Alizibandika moja moja kwa ncha ya pini, na alipofika 190 gundi ikaisha. Nikavaa ndara zisizo na visigino, nikaenda dukani.