Kushuka Si Kufika



Sisi watu wa mjini tuna desturi ya kuiandaa safari kwa juma zima. Tunafua, tunapiga pasi, tunakopa nauli, tunaaga majirani. Lakini safari ya kurudi hatuiandai. Tunadhani kwamba nyumbani ni nyumbani, na kwamba ajaye kwao hahitaji kubisha hodi. Leo nataka nikueleze jinsi nilivyojifunza kinyume cha hayo katika Ziwa Tanganyika, usiku mmoja wa mwezi wa Julai mwaka 2012, mbele ya Kirando.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa stashahada ya uandishi wa habari. Baba alinituma Kigoma nikamchukue shangazi yangu, dada yake wa pili, aliyekuwa amefiwa na mumewe. Alikuwa ameishi Kigoma miaka kumi na tisa. Sasa alikuwa anarudi Ufipa na watoto watatu, magodoro mawili, dumu la mawese, na cherehani.

Tulipanda Liemba. Bila shaka umekwisha kuisikia meli hiyo. Iliundwa mwaka 1913 mjini Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha vipande vikapelekwa Kigoma na kuunganishwa huko. Iliingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Wajerumani. Mwezi wa Julai mwaka 1916, Wajerumani walipoona wameshindwa, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Meli iliyolala chini ya maji miaka minane iliamka ikafanya kazi, kwa sababu aliyeizamisha aliifikiria siku ya kurudi.

Shangazi hakuijua habari hiyo. Hata hivyo, kabla ya kuondoka Kigoma alikuwa ameitia cherehani yake mafuta kila mahali, akaifunga kwa kanga mbili na gunia, na katika daraja la tatu alilala ameiegemea.

Yeyote aliyepata kusafiri katika meli hiyo anajua kwamba siku ya mwisho haifanani na zile za kwanza. Siku ya kwanza watu hupimana kwa macho na kugombea nafasi. Kufikia siku ya mwisho, aliyekunyang'anya nafasi ndiye anayekushikia mtoto. Tuliipita milima ya Mahale, ambayo kilele chake cha Nkungwe kina mita 2,462 juu ya bahari. Tulisimama Ikola, tukasimama Karema, mahali alipotibu wagonjwa kwa miaka mingi Daktari Adriano Atiman, yule aliyekombolewa utumwani alipokuwa mtoto, na aliyefariki mwaka 1956. Kina mama walibadilishana migebuka ya kukausha kwa ndizi. Watoto wa shangazi walikuwa wamekwisha kupata rafiki katika kila pembe.

Lakini mimi, ndugu msomaji, sikuwa na raha. Nilikuwa na neno moyoni ambalo sikulisema. Kabla sijaondoka nyumbani, baba na wadogo zake walikuwa wamekaa kuzungumza juu ya mahali atakapoishi shangazi, na hawakupatana. Shamba aliloliacha marehemu babu lilikuwa likilimwa lote na baba mdogo, naye alisema wazi kwamba mwanamke aliyeolewa hana shamba kwa baba yake. Kikao kilivunjika. Mimi nikatumwa Kigoma kana kwamba mambo yote yalikuwa yametengenezwa.

Jioni, meli ikiwa imekwisha kuiacha Kabwe, shangazi alinijia penye reli za sitaha. Milima ya Ufipa ilikuwa imegeuka rangi ya majivu upande wa mashariki. Aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, nyumbani wamesemaje?"

Nikamjibu, "Shangazi, wanakungojea."

Haukuwa uongo mtupu, kwa maana kweli walikuwa wakimngojea. Lakini nilijua alichouliza, na nilijua kwamba sikukijibu. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Haya, baba," akarudi kwa watoto wake.

Kirando haikuwa na gati la kupokea meli kubwa. Meli ilisimama mbali kidogo na ufuko, ikapiga honi, na gizani tukaona taa za maboti ya mbao zikija mbio. Mlango wa ubavuni ulipofunguliwa, wanaoshuka na wanaopanda walikutana mlangoni hapo hapo. Magunia yalipita juu ya vichwa. Watoto walipokewa kwa mkono mmoja kama mafurushi. Upande wa chini, boti lilipanda na kushuka kwa mawimbi, nawe ulipaswa kuhesabu pumzi zake ndipo utie mguu. Ziwa lenyewe hufikia kina cha mita 1,470. Ingawa pale hapakuwa na kina hicho, usiku huo mtu hakupima.

Watoto walishuka. Magodoro yakashuka. Ilipofika zamu ya cherehani, mwenye boti alikataa. Alisema chombo kimejaa. Watu nyuma yetu walikuwa wakisukuma. Nami, kwa haraka na kwa woga, nikasema, "Shangazi, tuiache. Iende na meli hadi Kasanga, tutaifuata baadaye."

Aligeuka akanitazama. Sitayasahau maneno yake. "Mwanangu, wewe ukishuka umefika. Mimi nikishuka bila cherehani nitakuwa nimerudi kula."

Ndipo nilipofahamu kwamba jibu langu la jioni lilikuwa limemweleza yote. Alikuwa anajua kwamba hakuna aliyemtengea chumba wala tuta. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake, na hesabu hiyo ilikuwa imefungwa katika zile kanga mbili. Nilimwita mwenye boti, nikampa fedha nilizoziweka kwa nauli yangu ya kurudi chuoni, na cherehani ikateremshwa kwa kamba, taratibu, huku abiria watatu nisiowajua wakiipokea chini kwa mikono.

Tulilala barazani kwa mama mmoja wa Kirando, aliyetupa mkeka na chai ya rangi bila kutuuliza ukoo wetu. Asubuhi tulipata lori lililobeba dagaa kwenda Sumbawanga. Njia hiyo hupanda kutoka joto la ziwani hadi baridi ya uwanda wa juu wa Ufipa, na mwezi wa Julai baridi hiyo si ya mchezo. Watoto waliozaliwa Kigoma walitetemeka juu ya magunia kwa visuruali vyao vyepesi, kwani hata hilo sikulifikiria. Shangazi aliifungua ile kanga ya juu ya cherehani, akawafunika.

Nyumbani, karibu na Namanyere, tulipokewa kwa machozi na vigelegele pamoja, kama ilivyo ada. Tulipikiwa ugali wa ulezi na maharage. Siku ya tatu kikao kilikaa. Baba mdogo alirudia neno lake. Shangazi hakubishana naye. Aliomba tu kwamba aitwe mjumbe mmoja wa halmashauri ya kijiji asikilize. Mjumbe huyo, mzee wa makamo, alitukumbusha kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Akasema hakuja kumnyang'anya mtu shamba, bali kuwakumbusha ndugu kwamba wasipopatana wenyewe, mambo yatatoka nje ya ua.

Walipatana, lakini si siku ile. Ilichukua hadi mvua za kwanza. Shangazi alipewa kipande cha shamba upande wa bondeni, na baba mdogo hakumsalimu mpaka mahindi yalipovunwa. Yeye hakungoja kusalimiwa. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amekwisha kuiweka cherehani yake kwenye kibaraza kimoja pale Namanyere, akishona sare za shule. Kwa kazi hiyo watoto wote watatu walisoma.

Mwaka 2018 Liemba ilisimamishwa kwa matengenezo, na kwa miaka iliyofuata watu wa mwambao ule walibaki na maboti ya mbao na magari ya mizigo. Lakini neno ninalotaka kulisema halihusu meli peke yake. Linatuhusu sisi tunaopokea wanaorudi: mjane, kijana aliyekosa kazi mjini, mzee aliyestaafu, binti aliyeachwa. Tunawachinjia kuku, kisha tunawaacha wagundue wenyewe kwamba mahali pao pamekaliwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, yafaa tuzingatie mambo haya. Kwanza, ndugu anapotaka kurudi, kikao cha familia kikae kabla hajapanda chombo, wala si baada ya kufika. Na mambo ya shamba na chumba yasemwe kwa majina yake. Pili, anayetumwa kumchukua asifiche aliyoyasikia. Mtu mzima aliyeelezwa ukweli mapema hupata siku mbili za kufikiri njiani. Aliyefichwa hupata fedheha mlangoni. Tatu, arudiye asiachwe aje mikono mitupu, na chombo cha kazi yake kipewe nafasi ya kwanza katika mizigo, kabla ya magodoro na masufuria. Nne, anayekwenda Ufipa katika miezi ya Juni na Julai awafungashie watoto sweta.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimu shangazi. Nilimwomba radhi kwa lile jibu langu la melini, lililokuwa limenikaa kooni miaka yote hiyo. Alicheka, akapitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani, akasema, "Ulikuwa mtoto. Lakini siku nyingine ukiulizwa, sema." Kisha akaniambia nivue shati, kwani kifungo kimoja kilikuwa kinaning'inia.

Tuonane Jumapili ijayo.