Maji ni ya Wote, Vipimo Viwe vya Wote



Kila alfajiri, kuanzia Mikindani hadi Chikongola na Magomeni, akina mama na watoto hujipanga na ndoo zao mbele ya kilula. Maji yatokapo, kila mmoja huyaamua kwa namna aliyofundishwa na bibi yake: huyatazama kama ni maangavu, huyanusa, na akiyatilia shaka huyaonja. Jicho, pua na ulimi ndio mahakimu wa kwanza wa maji, na kwa karne nyingi wamewalinda watu wa pwani hii. Lakini leo yatupasa kusema wazi kwamba mahakimu hawa watatu hawatoshi, na kwamba mara nyingine hutoa hukumu iliyo kinyume na ukweli.

Tuchukue mfano unaojulikana katika kila nyumba. Maji yenye madini ya chuma huacha madoa ya kutu kwenye shuka nyeupe na huifanya chai kuwa nyeusi. Watu huyachukia, nao wana haki kuyachukia, ingawa kwa viwango vya kawaida chuma hicho hakiwadhuru. Wakiyakataa, huenda kwenye kisima kifupi cha jirani chenye maji maangavu na matamu, kisha hawajiulizi choo cha shimo kiko hatua ngapi kutoka hapo. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havina rangi wala harufu. Nitrati itokayo vyooni haionekani, nayo yaweza kumnyima hewa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo. Risasi na arseniki hazina ladha. Basi mama amekimbia lililo baya kwa macho, akaangukia lililo baya kwa mwili, na hakuna aliyemwambia.

Hatuandiki haya ili kuwatia watu hofu, wala hatudai kwamba maji ya mji wetu yana sumu. Tunachosema ni hiki: anayekunywa maji ana haki ya kujua kilichomo, na haki hiyo haitimizwi kwa kuambiwa tu kwamba maji ni salama. Hutimizwa kwa kuonyeshwa vipimo.

Hali ya nchi yetu inaifanya haki hii kuwa ya lazima zaidi. Mtwara mjini kwa muda mrefu pametegemea maji ya chini ya ardhi. Karibu na bahari, ardhi yetu mahali pengi ni mwamba wa matumbawe wenye nyufa nyingi. Mchanga huchuja maji taratibu, lakini katika nyufa hizo maji hukimbia pasipo kuchujwa, na uchafu wa vyoo huweza kufika kisimani kwa muda mfupi, hasa mvua zinapokuwa kubwa. Kutoka upande mwingine, bahari yenyewe inasubiri. Maji baridi ya ardhini huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi, na wataalamu wametufundisha kwamba kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji baridi chini yake. Tukivuta kwa pupa hata usawa ukashuka mita 1, chumvi inaweza hatimaye kupanda kwa kiasi hicho hicho cha mita 40. Kisima kikishaingiwa na chumvi huchukua miaka mingi kupona.

Katika vijiji vilivyo kuelekea mlango wa Mto Ruvuma, kama Mahurunga na Kitaya, shida ina sura nyingine. Mto unapofurika, maji ya mafuriko hupita juu ya vyoo, mashamba na visima bila kuchagua. Tukumbuke mwaka 2019. Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya mto wetu, tarehe 25 Aprili, na mwanzoni mwa mwezi wa Mei kipindupindu kilikuwa kimekwisha kutangazwa huko. Sisi wa upande huu tulinusurika dhoruba yenyewe, lakini mto ni mpaka wa ramani tu. Si mpaka wa ugonjwa. Nchi yetu inaujua msiba huo vizuri: katika mwaka 1997 peke yake, zaidi ya watu 40,000 waliugua kipindupindu Tanzania, na zaidi ya 2,200 wakafa.

Wapo watakaosema kwamba tiba ni rahisi: watu wachemshe maji. Ushauri huo ni mwema, nasi tunauunga mkono. Hata hivyo, kuchemsha huua vijidudu tu. Hakuondoi chumvi, nitrati, floraidi wala risasi. Maji yakipungua chunguni, vitu hivyo huzidi kukolea. Kadhalika, kuchemsha kunahitaji kuni au mkaa, na mkaa ni fedha. Mwenye uwezo hununua maji ya chupa na kuacha kujiuliza. Asiye na uwezo hunywa kilichopo. Kwa hiyo maji yasiyopimwa, au yaliyopimwa bila majibu kutangazwa, ni mzigo unaowekwa juu ya mabega ya maskini peke yao. Hapo ndipo jambo la kitaalamu linapogeuka kuwa jambo la haki.

Je, vipimo hivyo ni vigumu kueleweka? La hasha. Kiongozi wa jumuiya anayeweza kusoma kalenda ya liturujia anaweza kuvisoma. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa pasipatikane hata kimelea kimoja cha aina ya E. koli, ambacho ni ushahidi wa kinyesi. Klorini iliyobaki katika maji yanapofika bombani isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Nitrati isizidi miligramu 50 kwa lita, floraidi isizidi 1.5, na risasi na arseniki kila moja isizidi 0.01. Haya ni mambo machache, nayo yanatosha kujaza karatasi moja tu ya kubandikwa ukutani.

Lakini tusiridhike kusikia kwamba maji yamefikia kiwango bila kuuliza ni kiwango gani. Historia ya nchi yetu inatufundisha. Mwaka 1974, kwa sababu ya uhaba wa maji, Tanzania iliweka kiwango cha muda kilichoruhusu floraidi hadi miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini. Baadaye kilishushwa hadi 4, kikaendelea kusogezwa kuelekea kile cha kimataifa cha 1.5. Katika mikoa ya kaskazini, kuzunguka Mlima Meru na Kilimanjaro, wapo waliokua na meno ya kahawia, na wengine mifupa yao ikapinda, kwa sababu ya maji waliyokunywa tangu utotoni. Maji yenye floraidi mara kadhaa ya kiwango cha kimataifa yaliweza kuhesabiwa kuwa halali. Ndiyo maana hatuombi neno “salama” peke yake. Tunaomba namba yenyewe.

Tena mambo haya si ya nchi maskini tu. Mwezi wa Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, wenye watu wapatao 5,000, mvua kubwa ilisukuma samadi ya ng'ombe hadi ndani ya kisima cha umma. Mji huo, kama wetu, ulikunywa maji ya visima. Maabara ilituma majibu yaliyoonyesha uchafu, lakini wasimamizi wa maji waliyaficha, na maofisa wa afya walipouliza, wakaambiwa kwamba maji ni mazuri. Siku zilizopotea hazikurudi: watu 7 walikufa na wapatao 2,300 waliugua. Uchunguzi uliofuata ulibaini kwamba kumbukumbu za klorini zilikuwa zikiandikwa kwa uongo kwa miaka mingi. Vifaa vilikuwapo, sheria zilikuwapo, na kipimo kilikuwa kimekwisha kufanyika. Kilichokosekana ni kwamba namba ziliishia mezani kwa watu wawili watatu.

Hapa kwetu vyombo vipo. Mjini kuna Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira. Vijijini kuna Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi mwaka 2019, pamoja na vyombo vya watumiaji maji vilivyo chini yake. EWURA nayo hutoa kila mwaka taarifa ya utendaji wa mamlaka za maji, ikieleza pia hali ya sampuli zilizopimwa. Hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, taarifa ya mwaka mzima, iliyoandikwa kwa lugha ya ofisini, haimwambii mama wa Magomeni hali ya kilula chake mwezi huu. Tunaomba hatua moja zaidi, nayo si ya gharama kubwa: kila mwezi, kwenye ofisi ya mtaa na penye kilula, ibandikwe karatasi ya Kiswahili inayotaja mahali sampuli ilipochotwa, tarehe, kilichopatikana, na kiwango kinachoruhusiwa. Na majibu yakiwa mabaya, watu waambiwe siku hiyo hiyo, kwa kipaza sauti cha msikitini na cha kanisani ikibidi. Tunajua kwamba baadhi ya viongozi huogopa taharuki. Tunawajibu kwa heshima kwamba watu wetu wamezoea kukabiliana na habari mbaya. Wasilolisamehe ni kufichwa.

Ombi hili lina uzito wa pekee kwa mji huu, kwa kuwa mpango wa kuleta maji ya Mto Ruvuma hadi mjini umezungumzwa kwa miaka mingi. Sisi tunautakia heri, maana watu wengi wana kiu. Lakini maji ya mto si sawa na maji ya kisima. Msimu wa mvua hujaa tope, na tope huwakinga vijidudu wasifikiwe na klorini. Zaidi ya hayo, maji mapya katika mabomba ya zamani yaweza kuamsha yaliyokuwa yamelala. Mji wa Flint nchini Marekani ulibadili chanzo chake mwezi wa Aprili 2014 na kuanza kutumia maji ya mto bila kuyatia dawa ya kuzuia kutu; risasi ikatoka mabombani na kuingia katika damu ya watoto. Wananchi walilalamikia rangi na harufu, wakaambiwa hakuna neno, hadi daktari wa watoto alipotangaza vipimo hadharani mwezi wa Septemba 2015. Siku chanzo chetu kitakapobadilika, vipimo vichukuliwe kwenye mabomba ya nyumbani, si mtamboni tu.

Nasi tusinyoshe kidole kwa wengine kabla ya kujitazama. Parokia zetu, shule zetu na zahanati zetu nyingi zina visima, na majirani huchota humo kwa kutuamini. Tuulizane kwa ukweli: ni visima vingapi kati ya hivyo vilivyopimwa mara moja tu, siku pampu ilipofungwa, visipimwe tena? Wengi tunakumbuka visima vifupi vya pampu za mkono vilivyochimbwa Mtwara na Lindi kwa msaada wa Finland tangu miaka ya 1970. Pampu nyingi zilipoharibika bila kutengenezwa, watu walirudi kwenye visima vya wazi. Zawadi isiyotunzwa hugeuka mzigo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila Halmashauri ya Walei, kabla ya mvua za Desemba, iorodheshe visima vyote vilivyo chini ya parokia, ione vyoo viko umbali gani, ipeleke sampuli maabara, na kubandika majibu kwenye mlango wa kanisa, yawe mazuri au mabaya. Kipimo cha klorini hakihitaji hata maabara: kidonge hutiwa katika kichupa cha maji, na rangi ya waridi inayotokea hulinganishwa na ile ya kwenye kadi. Vijana wetu wanaweza kufundishwa kazi hiyo kwa siku moja. Tukifanya hivyo kwanza, tutakapokwenda kwenye ofisi za maji kuomba vipimo vyao, tutakwenda na vya kwetu mkononi.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme tunasoma kwamba watu wa Yeriko walimwendea Elisha wakamweleza kwamba mji wao ulikuwa mahali pazuri, ila maji yake yalikuwa mabaya. Hawakuona aibu kuusema ubaya wa mji walioupenda, na uponyaji wa chemchemi ulianzia kwenye maneno yao hayo. Mtwara nayo ni mahali pazuri. Tuulize juu ya maji yake kwa upendo huo huo, tuulize kwa maandishi, na tuendelee kuuliza mpaka karatasi ile ya kila mwezi ionekane penye kilula.