"Mfumo uko chini." Sawa, lakini kwa nini?

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo tuzungumzie kompyuta. Najua wengine mtafunga ukurasa hapa hapa, lakini subirini, maana jambo hili linagusa foleni tunazosimama kila siku.

Kila Mtanzania aliyewahi kufika kwenye dirisha la ofisi ya umma anaijua hii kauli: "Mfumo uko chini." Ukishaambiwa hivyo huna cha kubishana. Kwa mkazi wa Dar ni kero, anahamia dirisha lingine au anarudi kesho. Kwa mama aliyetoka Basotu kwenda Katesh, au Yaeda Chini kwenda Mbulu mjini, ni nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya shamba imepotea.

Sigombi na kuanguka kwa mfumo. Kompyuta huanguka, za Ulaya huanguka na za kwetu huanguka. Ninachogombana nacho ni kinachofuata baada ya hapo. Anakuja mtu, anabonyeza kitufe, seva inawaka, foleni inasogea, na sote tunakubaliana kwamba ni TANESCO. Wiki mbili baadaye inaanguka tena na TANESCO wanabeba tena lawama. Labda kweli ni wao, labda siyo, ila hakuna mwenye ushahidi wa lolote.

Watu wa Hanang wanajua uzito wa swali la "kwa nini" kuliko wengi wetu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Uvumi wa kwanza ulikuwa volkano, maana mlima wenyewe ni volkano iliyolala. Wataalamu wa miamba wakapanda, wakasoma alama zilizobaki, wakasema siyo volkano: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua ikameguka. Jibu lile halikumrudisha mtu, lakini lilibadilisha la kufanya. Volkano ina tahadhari zake na mmeguko wa mlima una zake. Sithubutu kufananisha msiba ule na seva ya ofisi. Nasema tu kwamba jibu lilipatikana kwa sababu alama zilikuwepo, na kwenye kompyuta alama hizo tunazifuta wenyewe kwa kidole.

Sasa twende kwenye mashine yenyewe. Ndani ya mfumo endeshi kuna kiini kinachoitwa kerneli, ndicho kinachogawa kumbukumbu, kusimamia diski, mtandao na kila programu. Programu moja ikifa, kerneli inaizika na maisha yanaendelea. Kerneli yenyewe ikifika mahali haiwezi kuendelea, inaingia kwenye paniki na kila kitu kinasimama. Wakati huo, ndani ya RAM kuna picha kamili ya tukio: nani alikuwa anafanya nini, kiendeshi gani kilishika wapi, ujumbe wa mwisho ulisemaje. Picha hiyo ikihifadhiwa, Kiingereza wanaiita "dump". Kwetu dampo ni la takataka, lakini nitalitumia hilo hilo neno, maana hata dampo la Pugu lina watu wanaookota mali.

Shida ni hii: nani ataihifadhi picha hiyo? Kerneli iliyoanguka haiaminiki tena. Kumwomba mgonjwa aliyezimia aandike maelezo yake mwenyewe ni hatari, anaweza hata kuharibu diski kwa kuandika pasipotakiwa. Mbinu za zamani za Linux, kama diskdump na netdump, ziliyumba hapo hapo. Dawa iliyokuja kuingizwa rasmi ndani ya Linux toleo la 2.6.13 mwaka 2005, ikiitwa kdump, ni ya akili kweli. Tangu mashine inapowaka, unatenga kipande cha RAM ambacho kerneli ya kawaida hairuhusiwi kukigusa kabisa. Ndani yake unapakia kerneli ya pili, ndogo, imelala. Ya kwanza ikipaniki, inairukia ya pili moja kwa moja bila kupitia hatua za kawaida za kuwasha mashine, kwa hiyo RAM haifutwi. Ya pili inaamka ndani ya kile chumba chake kidogo, inaitazama kumbukumbu ya marehemu kama faili, inachuja, inabana, inaandika kwenye diski au kuituma kwenye seva nyingine, halafu inawasha mashine upya.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini kutenga mapema? Si ingechukua tu nafasi yoyote ajali ikitokea? Haiwezekani. Ajali ikitokea, kadi ya mtandao au diski inaweza kuwa bado inaandika kwenye RAM kwa maagizo iliyopewa kabla. Kerneli ya pili ikikaa mahali hapo itaandikwa juu na kufa nayo. Lazima iwe na eneo ambalo hakuna kifaa chochote kilichowahi kuelekezwa huko.

Gharama yake? Red Hat Enterprise Linux 9 inatenga MB 192 kwa mashine yenye RAM ya GB 1 hadi 4, MB 256 kuanzia GB 4 hadi 64, na MB 512 kwa zaidi ya hapo. Kwenye seva ya GB 8 hiyo ni kama asilimia tatu. Nimewasikia mafundi wakisema huo ni ubadhirifu, kumbukumbu imekaa tu haifanyi kazi. Ndugu zangu, muulizeni mkulima yeyote wa Dongobesh kama mbegu aliyoitenga kwa ajili ya msimu ujao "imekaa tu". Lakini niwe mkweli, kwa mashine chakavu ya GB 2, hiyo MB 192 ni zaidi ya asilimia tisa, na hapo ningemwelewa anayekataa. Cha kwanza hapo ni kuongeza RAM.

Tena wengi hawajakataa, hawajaulizwa tu. Ubuntu, ambayo vijana wengi wa kompyuta hapa nchini huanza nayo, kwa miaka mingi haikutenga kitu mpaka uongeze mwenyewe kifurushi cha linux-crashdump. Ni toleo la 24.10, la Oktoba 2024, lililoanza kuwasha jambo hili lenyewe kwa mashine zenye uwezo wa kutosha. Windows ina njia yake, inatumia nafasi ya diski, na imewashwa tangu kiwandani. Ndiyo maana tarehe 19 Julai 2024, faili bovu la CrowdStrike lilipoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, wahandisi walifungua madampo na kuonyesha kwamba programu ilisoma kumbukumbu nje ya mipaka yake. Hakuna aliyelaumu umeme.

Na hapo ndipo nauona umuhimu wa kitu hiki kwa wilaya kama Mbulu na Hanang kuliko kwa Dar. Dar fundi yuko mtaa wa pili. Haydom iko karibu kilomita 300 kutoka Arusha. Fundi bingwa akiitwa, anafika wakati seva imeshawashwa zamani na inacheka, anaandika "hakuna tatizo lililoonekana", anaondoka na posho yake. Kukiwa na dampo, hana haja ya kupanda basi. Hata lote halihitajiki. Pamoja na dampo lenyewe huandikwa faili dogo la maandishi lenye ujumbe wa mwisho wa kerneli, ambalo mara nyingi linatosha kumtaja mhalifu: diski, kiendeshi, RAM mbovu. Faili hilo linapita hata kwenye bando la kuungaunga.

Dampo kamili ni jambo lingine, na hapa naomba wahusika wawe makini. Ndani yake kuna chochote kilichokuwa kwenye RAM: nywila, majina ya wagonjwa, majibu ya vipimo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Dampo la seva ya hospitali halirushwi kwenye grupu la WhatsApp la mafundi eti "wakuu nisaidieni".

Vilevile tusidanganyane kwamba linatibu kila kitu. Umeme ukikatika ghafla, RAM inafutika na kerneli ya pili haiamki. Mashine ikiganda bila kupaniki, nayo haiamki, mpaka uwe umeiagiza kupaniki inapoganda. Ukitenga kidogo mno, kerneli ya pili inakosa nafasi na kufa kimya. Lakini angalau seva ikianguka na dampo likapatikana, TANESCO wametoka kwenye orodha ya watuhumiwa.

Kwa hiyo, madiwani na wajumbe wa bodi za hospitali mnaopitisha manunuzi ya seva, ongezeni mstari mmoja kwenye mkataba: mzabuni aonyeshe dampo likiandikwa mbele ya macho yenu kabla ya kulipwa. Kuonyesha si kazi. Kwenye Linux, mwenye mamlaka ya juu akiandika herufi "c" kwenye /proc/sysrq-trigger, mashine inaanguka kwa makusudi, na baada ya kuwaka faili linatakiwa liwepo ndani ya /var/crash. Lifanyike Jumamosi jioni, siyo Jumatatu asubuhi watu wakiwa kwenye benchi. Na fundi ambaye tayari ana seva inayofanya kazi asome tu /sys/kernel/kexec_crash_size. Likijibu 0, hakuna kilichotengwa.