TUULIZE BEI YA KIWANDA IMETOKA WAPI

Ndugu Wanachama,

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wa Kabuchai tumeyaona haya karibu na kwetu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimama mwaka 2009, na mwaka 2016 kikauzwa kwa shilingi milioni 900. Mwaka 2025 Serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari kwa miaka 30, na Nzoia ni kimojawapo. Watu waliuliza: je, bei ni ya haki? Swali ni zuri, lakini halijibiwi kwa kelele. Hujibiwa kwa hesabu.

Mwenye kuthamini kiwanda ana njia tatu. Huhesabu mitambo, majengo na ardhi, akatoa madeni. Au hukisia faida ya miaka ijayo. Au hutazama viwanda vingine vya namna hiyo vimeuzwa kwa kiasi gani. Mitambo ile ile ikihesabiwa kama chuma chakavu ina bei moja. Ikihesabiwa kama mitambo itakayosaga tena, ina bei nyingine kabisa.

Kwa kazi hii daftari la kampani peke yake halitoshi, maana hapo kampani inajishuhudia yenyewe. Lazima zitafutwe habari za nje: bei ya sukari, miwa iliyopo mashambani, na sukari inayoingia kutoka nchi za COMESA.

Lakini habari za nje nazo zina mwenye kuzilipia. Tuulize: nani aliagiza uchunguzi huu? Hesabu ni za mwaka gani? Mwaka 2023 viwanda vya magharibi vilisimamishwa kusaga kwa sababu miwa ilikuwa michanga, na sukari ikapanda bei sana. Anayechukua bei ya mwaka ule peke yake atapotea, na kutupoteza sisi.

Tena yapo mambo ambayo mgeni hayajui. Fundi ndiye ajuaye mtambo upi unavuja. Na mshahara usiolipwa ni deni la kiwanda. Lisipoandikwa, hesabu yote ni ya uongo.

Basi kila tawi liombe kuiona taarifa ya thamani kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Wawakilishi waandike orodha yao ya mitambo na ya mishahara inayodaiwa, waiweke mezani kando ya ile ya wataalamu. Zikitofautiana, tuulize kwa nini, na tusiondoke mpaka tujibiwe.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI