Ukipanga kwenda Kelowna na watoto, chagua mwezi kwanza

Mzazi mwenye ndugu Kanada huenda ameshatumiwa picha za Kelowna: ziwa la buluu, miti ya cheri imeinama kwa matunda, na mashamba ya mizabibu yakiteremka mlimani kuelekea majini. Mji huu uko British Columbia, kando ya Ziwa Okanagan, kiasi cha kilomita 390 kwa barabara kutoka Vancouver. Padri Mfaransa Charles Pandosy alianzisha misheni hapo mwaka 1859, na matufaha na mizabibu ya mwanzo ya bonde hilo hutajwa pamoja na jina lake. Leo watu huenda kuchuma matunda na kuonja mvinyo.

Wengi wakipanga safari hii huanza na bei ya tiketi. Ukiwa na watoto, anza na kalenda.

Matunda na moshi

Cheri huiva kuanzia mwishoni mwa Juni, pichi hufuata Julai na Agosti, matufaha na zabibu nyingi huvunwa Septemba na Oktoba. Julai na Agosti kuna joto zuri la kuogelea, lakini ndiyo pia miezi ya moto wa misitu. Mwaka 2003 moto uliteketeza nyumba zaidi ya 200 na kuwaondoa watu zaidi ya 25,000. Agosti 2023 moto mwingine ulilazimisha maelfu kuhama pande zote mbili za ziwa.

Hata moto ukiwa mbali, moshi hufika. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo huvuta moshi mwingi zaidi kwa uzito wake. Mwenye pumu huumia mapema zaidi.

Kwa hiyo, kama mwanao ana pumu, lenga mwisho wa Juni au Septemba. Hakuna mwezi wenye dhamana, ila hatari hupungua. Likizo ya Juni ya shule zetu inaweza kuwakutanisha na cheri za kwanza. Kama ni lazima Agosti, chukua hoteli inayorudisha fedha ukiahirisha, na kila asubuhi angalia AQHI, kipimo cha Kanada cha usafi wa hewa. Kikifika 7, michezo ya nje isubiri. Dawa ya pumu ya kuvuta ikae kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege, si kwenye sanduku.

Zabibu moja inatosha kumkaba

Shambani kila mtu hula huku anachuma. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, zabibu nzima ni hatari: ni laini, ya mviringo, na huziba koo sawasawa. Ikate vipande vinne kwa urefu. Cheri itoe kokwa, kisha ikate. Mtoto ale akiwa ameketi, si akikimbizana kati ya miti. Kanuni hiyo hiyo inahusu zabibu za Dodoma zilizoko mezani kwako leo.

Ziwa ni jembamba, lakini lina kina

Okanagan lina urefu wa kilomita 135 na upana wa kilomita chache tu, hivyo ng'ambo huonekana karibu. Usidanganyike. Kina chake hufika mita 232, karibu mara tatu ya Ziwa Victoria, na mwezi Juni maji bado ni ya baridi. Asiyejua kuogelea avae jaketi okozi hata akiwa ufukweni, na mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu: kuwatazama watoto, simu ikiwa mfukoni.

Kuonja ni kunywa

Vikombe vidogo vya viwanda vitatu vinajumlika. Dereva akifikisha kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, polisi wa huko wanaweza kumnyang'anya leseni papo hapo. Amueni asubuhi nani ataendesha, na huyo asionje. Mama mjamzito naye asionje. Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mimba. Mkikodi gari, agizeni mapema na kiti cha mtoto: sheria inataka kiti maalumu hadi afikishe miaka tisa au kimo cha sentimita 145.

Homa ya ugenini

Hili ndilo ninaloomba usisahau. Mtoto aliyeng'atwa na mbu nyumbani anaweza kuanza kuugua malaria wiki moja au zaidi baadaye, akiwa ameshafika Kelowna. Madaktari wa huko huiona kwa nadra. Akipata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme kabla ya jambo lingine: "Tumetoka nchi yenye malaria."

Mgeni hahudumiwi kwa bima ya umma ya huko, na gharama ni kubwa. Kata bima ya safari kabla hujaondoka, na usome kama inahusu ugonjwa ambao mtoto anao tayari. Ukiwa huko, dharura piga 911. Kwa ushauri wa muuguzi usiku au mchana piga 811; ni bure, na unaweza kuomba mkalimani.

Andika namba hizo kwenye simu yako leo, na kwenye simu ya bibi kama anasafiri nanyi.