Mjane wa Reims na mjane wa Madimba

Wadau, juzi harusini ilifunguliwa chupa ya Veuve Clicquot, ukumbi mzima vigelegele. Sina ugomvi na chupa ile. Nyumba hiyo ya Reims, Ufaransa, ilianza 1772. Mwaka 1805 Barbe-Nicole Clicquot alifiwa na mumewe, akashika biashara akiwa na miaka 27. Ndiyo maana ya "Veuve": mjane. Kwake ndiko ilikotoka meza ya kugeuzia chupa, mashapo yashuke shingoni, shampeni ing'ae. Ubora ule ulitafutwa, haukudondoka toka mbinguni.

Sasa njooni Madimba msimu wa korosho. Kina mama wanakamua mabibo, wanapata uraka. Wakiuvukiza wanapata nipa. Huku nako kuna wajane wanaosomesha watoto kwa dumu hilo. Ila mpika nipa ni mhalifu, kwa sheria ya 1966.

Mtasema gongo inaua. Kweli, inaua, kwa sababu inapikwa vichakani na hakuna anayeipima. Kule Goa, India, wana feni, pombe ya mabibo hayo hayo. Mwaka 2009 jina lake lilisajiliwa kuwa mali ya Goa, kama Wafaransa walivyolilinda la shampeni. Yetu yanaozea chini ya mikorosho!

TBS na SIDO, wapeni leseni, mitambo safi na vipimo. Asiyefikia kiwango afungiwe. Lakini tusigonge glasi kwa urithi wa mjane wa Kifaransa huku tunamwaga dumu la mjane wa Kimakonde.

Nawasilisha.